Kisu cha Kufungulia Kisu

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi ukungu mzito, jua limetoka wakati wa chai.

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Najua utacheka kwamba hata barua naianza kama shajara, lakini mkono umeshazoea. Ukitaka barua za kuanza na maneno matamu, oa, utaandikiwa. Sisi hatujambo. Mama anakula, anagomba, na juzi amemtoa fundi bomba sebuleni kwa sababu aliingia na viatu. Bomba bado linavuja, sakafu inang'aa. Baba watoto ana safari nyingi za lori mwezi huu. Watoto wamefunga shule na nyumba imekuwa soko.

Kifurushi chako kilifika salama wiki iliyopita. Tulikizunguka mezani wote kukifungua. Mama alidhani ni redio. Haya, nikusimulie kama vile wewe hukukiona. Mpini mweusi wenye mistari ya rangi ya chungwa, mzito kama kitasa. Ukiukunjua linatoka koleo. Ukichokonoa pembeni wanatoka wengine mmoja mmoja, kama ndugu kwenye msiba wa tajiri: kisu, msumeno mdogo, bisibisi mbili, tupa, mkasi, kifungua kopo, na kijiti cha meno ambacho mama amekipiga marufuku kabla hakijatumika.

Tukakiweka kando ya kile kisu changu cha zamani cha kukunja, alichoninunulia baba nilipoajiriwa. Mama ndiye aliyekifungua, kwa kidole kimoja, na umri wake wote ule. Mpini wa mti, pini tatu za shaba, ulimi mmoja wa kukatia, basi. Umenolewa upande mmoja tu, kwa ajili ya mkono wangu wa kushoto, na upande wa pili ni bapa kama kioo. Ni kama fundi aliyesomea kazi moja akaijua. Chako ni kama yule jirani yetu aliyekuwa anapiga rangi, anatibu mbuzi na kuongoza arusi. Ukimwita anakuja, huo ndio uzuri wake wote.

Kazini kuna jambo. Msimamizi wetu mpya wa kitalu anataka kujua nani bado anaweza kubebesha. Unaikumbuka kazi yetu: unachukua jicho la mchungwa mzuri, unalipenyeza chini ya gamba la mche wa mlimao, unafunga kwa nailoni, unaomba Mungu. Sasa kila mmoja amepewa tuta lake lenye kibao. Ambaye macho yake mengi yatakauka ataondoka mezani aende kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Sitaki viriba. Nimekaa kwenye ile meza tangu wewe unavaa kaptula, na watu wanaofika kwenye viriba hawarudi.

Tuta langu nimelimaliza Ijumaa. Nilitumia kisu chako, kwa majaribio tu. Jirani yangu mezani, Bi Kimya (tumemwita hivyo kwa sababu hajanyamaza tangu aajiriwe), alishangaa akasema, "Leo umekuja na karakana nzima!" Lakini hakukigusa. Desturi ya meza yetu unaijua: kisu cha mwenzako hakiguswi wala hakiazimwi. Ukiinuka unakifunga, ukikaa unakifungua mwenyewe. Waliotutangulia walisema anayefunguliwa kisu amekwisha.

Kula vizuri. Picha uliyotuma, shingo imekuwa ya twiga.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu, shikamoo,

Mimi mzima kama chuma. Shingo ni ya urithi, muulize mama. Mshikie miguu kwa niaba yangu na umwambie viatu vya mafundi havina dhambi; mimi mwenyewe naingia navyo kwa watu kila siku na sijafukuzwa bado. Wapwa zangu wape salamu, na shemeji nimemwekea koti la mvua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Umekifananisha kisu changu na mtu wa kutibu mbuzi! Sikiliza. Wiki iliyopita lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Ndani wakili mmoja na muuza maua, ambao walikuwa wamegombana mlangoni juu ya nani aingie kwanza. Mkoba wangu wa spana uko chini, mimi niko juu, mfukoni nina kisu tu, ndugu wa hicho chako. Nikafungua kifuniko kwa bisibisi, nikavuta waya kwa koleo, nikasafisha kiungo kwa tupa. Mlango ulipoachia kidogo, wakili akaona ncha ya kisu.

"Fundi," akasema, "umekuja kututoa au kutumaliza?"

Muuza maua akajibu kabla yangu: "Mwache anitoe mimi kwanza, halafu akumalize wewe."

Kisu chako cha zamani kingefanya nini hapo? Kingemenya chungwa tukalila tukisubiri fundi mwingine. Dunia ya leo haikuulizi unajua nini, inakuuliza una nini mfukoni.

Ila kuna kitu sikuelewa. Kama cha zamani ni bora kiasi hicho, kwa nini tuta la kukupa au kukunyima meza ulilifanya kwa kipya? Wewe hujawahi kujaribu kitu siku ya mtihani. Wewe ulikuwa unajaribu hata kalamu siku moja kabla.

Mdogo wako mwenye shingo


Ijumaa, 11 Aprili. Mawingu tangu alfajiri, mvua haikunyesha.

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Mama alikuwa na mafua, sasa ameyahamishia kwa watoto na yeye anatoa ushauri. Baba watoto amerudi na viazi gunia zima; tunakula viazi, tunaota viazi. Umetaja muuza maua mara mbili kwenye barua moja. Mimi nasoma taratibu, lakini nasoma.

Sasa habari yenyewe. Jana msimamizi alipita na matuta. Alifungua nailoni, akatazama, akaenda mche unaofuata. Kwenye tuta la Bi Kimya alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye langu hakutikisa kitu. Macho mengi yamekauka. Yamegeuka meusi pembeni na kubaki na kijani kidogo katikati.

Nilijua sababu kabla hajauliza. Jumapili baba watoto alinifungulia kile cha zamani, nikakata vijiti viwili, kimoja kwa kila kisu, nikavitazama juani. Ulimi wa chako umenolewa pande zote mbili kama vile visu vya jikoni. Kwa hiyo kinapopita kwenye gamba kinachimba kibonde. Jicho linakaa juu ya kibonde, linagusa katikati tu, pembeni kunaingia hewa, basi, limekufa. Cha zamani kinapita bapa, jicho linalala kama mtoto mgongoni. Hicho ndicho nilichokuwa nakuambia: mambo mengi na kazi moja si mamoja.

Msimamizi ni mtu wa haki. Alisema, "Mama, kwa kazi yako ya miaka iliyopita nakupa tuta la pili, mwishoni mwa mwezi wa tano. La tatu halipo." Nikamjibu asante. Jioni nilipita kwenye viriba nikaangalia wanavyojaza udongo. Wanakaa chini, wanajaza, wanasukuma. Hakuna anayemwambia mwenzake kitu.

Dada yako


20 Aprili

Dada, shikamoo,

Salamu kwa wote na pole kwa mafua na viazi. Mimi mzima, muuza maua pia mzima, kwa kuwa umeuliza bila kuuliza.

Swali langu la mwezi wa tatu hujalijibu. Umenieleza kibonde, umenieleza hewa, umenieleza hata usingizi wa watoto. Lakini ulipokuwa unakata tuta lile, cha zamani kilikuwa wapi? Nimezirudia barua zako. Katika ya kwanza, mama ndiye aliyekifungua. Katika ya pili, shemeji. Dada, mimi si mpelelezi, ni fundi lifti, lakini mlango ukifunguliwa kila siku na mtu mwingine najua una hitilafu.

Ni mkono? Ni kidole? Niambie mimi, usimwambie mtu mwingine.

Kama hutaki kusema, basi nitumie kisu changu kwa basi la Ijumaa. Nitaunoa ulimi upande mmoja kama unavyotaka, uwe bapa kabisa. Jiwe ninalo na mikono ninayo. Kitafunguka kwa urahisi na kitakata kama cha baba. Tuta la pili lipo, la tatu halipo, kwa hiyo tusibishane sana.

Mdogo wako


Ijumaa, 2 Mei. Mvua ya manyunyu, njia ya kitalu ni tope tupu.

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kisu kimepanda basi leo, nimekifunga kwenye soksi ya baba watoto. Iliyofuliwa.

Cha zamani ukikilegeza ulimi wake utacheza, na kisu kinachocheza hakibebeshi. Kwa hiyo usinipe ushauri wa mafuta, najua ulikuwa njiani kuutoa. Nimeshatia.

Vidole vyangu si habari za kuandikiana.

Dada yako


12 Mei

Dada yangu, shikamoo sana,

Kazi imekwisha! Nimenoa siku tatu, kila jioni baada ya kazi, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nina adui. Upande mmoja mteremko, upande wa pili bapa, unaweza kujitazama meno. Nikakijaribu kwenye tawi la mti ulio nyuma ya jengo letu. Kilipita kama kwenye siagi, kipande kikatoka sawasawa kama karatasi. Nilimwonyesha muuza maua, ambaye anajua mambo ya kukata mashina, akasema, "Huyo dada yako ana bahati." Nimeandika kama alivyosema.

Mpe mama heshima zangu. Kifungue kwa mkono mmoja, ukae mezani, uwaonyeshe kazi. Halafu nangoja neno dogo tu kutoka kwako: kwamba kipya kimeshinda.

Mdogo wako, fundi wa lifti na visu


Jumamosi, 24 Mei. Asubuhi jua kali, upepo kidogo.

Mdogo wangu wa pekee, bahati nzuri uko mmoja tu,

Sote wazima, na mama amepona kabisa kwa kukucheka wewe.

Kisu kilifika Jumatatu. Nilikichukua nikakata kijiti uani. Kikazama kwenye mti, kikagoma, kikatokea upande wa pili na nusu ya kijiti. Nikajaribu tena, vilevile. Nikadhani nimesahau kazi. Mama alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Shika kwa mkono wa kulia." Nikashika kwa kulia. Kikateleza kama maji.

Umekinoa kwa ajili ya mkono wako! Jioni tatu za jasho, bwana fundi, na hukukumbuka hata mara moja kwamba dada yako anatumia wa kushoto. Mkono uliokuwa unakuchapa ukidokoa sukari ulikuwa upi? Mama alicheka mpaka mchele ukamwagika. Kila akitulia anasema, "Siku tatu!" anaanza upya.

Lakini tuta lilikuwa kesho yake. Muda wa kukurudishia haupo, wa kunoa upya haupo. Usiku ule nilicheka halafu sikucheka tena.

Nitakuandikia sasa, kwa sababu umeuliza mara mbili na mimi si jiwe. Ni dole gumba la kulia, lile la kufungulia. Tangu mwaka jana limevimba kwenye kiungo na halina nguvu. Kukata nakata kama zamani, maana kukata ni kushoto. Kufungua ndiko siwezi. Nimejaribu kwa kushoto, nimejaribu kwa sarafu, nimejaribu kwa meno, usimwambie mama. Pale mezani kila ukiinuka unafunga, kila ukikaa unafungua, na huwezi kumpa jirani. Kwa hiyo siku ya tuta la kwanza nilikichukua chako kwa kuwa kinafunguka chenyewe. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Haya. Jumanne asubuhi nimekaa mezani, visu viwili mbele yangu: kimoja kinakata hakifunguki, kimoja kinafunguka hakikati. Watu wote wameshaanza. Nikakichukua chako kwa hasira, nia yangu nikitie kikapuni, koleo likakunjuka likanitazama. Nikalitazama na mimi. Nikazungushia kipande cha nailoni kwenye mgongo wa ulimi wa kile cha zamani nisikikwaruze, nikakishika kwa koleo, nikavuta kwa ngumi yangu nzuri ya kushoto. Tak! Kikafunguka.

Bi Kimya akanyamaza. Naapa, kwa mara ya kwanza. Halafu akasema, "Kisu cha kufungulia kisu! Na sufuria ya kupikia sufuria utaileta lini?"

Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nikabebesha, nikainuka nikafunga, nikakaa nikavuta tena. Mara ya nne msimamizi akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama, mbona unafungua kisu kwa koleo?"

Ningeweza kusema mpini unateleza. Ningeweza kusema mvua. Nikamwambia, "Dole gumba langu limekufa. Kwa kisu kingine chochote nitaharibu miche yako. Hiki hakifunguki bila hiki." Nilisema kwa sauti ya kawaida na wote walisikia. Aliandika kitu akaondoka.

Sasa macho yamefungwa kwa nailoni na hakuna anayejua kilicho ndani. Utangoja pamoja nami.

Dada yako


1 Juni

Dada, shikamoo,

Nimeona haya mpaka masikioni. Nimemwambia muuza maua, amecheka kuliko mama, na sasa mama ana mshirika. Pole kwa dole. Ungeniambia mwaka jana ningekuja kukufungulia mwenyewe kila asubuhi, lifti zingekwama.

Sina utani mwingine leo. Andika siku ile ile watakapofungua. Usingoje Jumamosi.

Mdogo wako


Alhamisi, 19 Juni. Baridi asubuhi, umande mwingi kwenye majani.

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia siku ile ile. Salamu za nyumbani zitafuata chini, usiruke mistari.

Msimamizi alianza na tuta langu. Alifungua nailoni ya kwanza: kijani. Ya pili: kijani, na kichipukizi kama ncha ya sindano. Nilikuwa nimesimama na mikono nyuma kama mtoto wa shule. Alikwenda mpaka mwisho wa tuta, akarudi kwa upande wa pili. Yaliyokauka yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na dole bovu usilihesabu. Akasema, "Mama, rudi mezani." Kibao cha tuta kikang'olewa, na mimi nikawa na kiti.

Ungedhani yamekwisha. Nikakaa, nikatoa koleo, tak. Bi Kimya akanisogezea kitu chini ya meza. Kisu chake. Kimefungwa.

"Fungua haraka kabla hawajaona," akasema.

"Wewe? Wewe una nini?"

"Kiwiko. Mwaka wa pili huu. Mume wangu ananifungulia asubuhi, nakibeba kwenye kikapu kikiwa wazi, nimekizungushia tambara. Unadhani kwa nini siinuki mpaka saa sita?"

Maneno yote yale, mdogo wangu, miaka yote ile, na hilo hakuwahi kulisema. Nikamfungulia juu ya meza, si chini. Mzee wa upande wa pili, yule anayejidai hajawahi kuugua, akakohoa akasema na chake leo kigumu kidogo, labda ni hii baridi. Tukamfungulia. Wa nne hakutafuta hata kisingizio. Nilitazama ile meza nikaona tulikuwa tumekaa tunaogopana, kila mmoja na ugonjwa wake chini ya tambara, kwa ajili ya msemo wa watu ambao labda na wao walikuwa wanafunguliwa nyumbani.

Msimamizi aliona koleo likizunguka kama sahani ya karanga, akauliza kuna nini. Mzee akamweleza desturi yetu, kwamba anayefunguliwa kisu amekwisha. Msimamizi akafikiri kidogo. "Mimi nahesabu macho yaliyoshika," akasema. "Vidole vyenu hesabuni wenyewe." Akaenda zake.

Kuhusu ubishi wetu, usishangilie. Kisu ni kile cha zamani. Hicho chako hakijakata hata jani moja mezani tangu ulipokiharibu. Lakini asubuhi hawaniulizi tena nimeamkaje, wananiuliza kama nimekuja nacho. Wamekiita Mkunga. Unataka kututumia vingine viwili, najua, ulikuwa unafikiri hivyo tangu mstari wa tano. Usitume. Kikiwa kimoja lazima tuombane.

Nesi ameliangalia dole. Anasema halitarudia usichana, lakini likipumzishwa halitazidi. Limepumzika; halina kazi tena. Mama hajambo na anauliza huyo muuza maua anavua viatu mlangoni au havui. Baba watoto amerudi, watoto wamepata ripoti za shule, moja nzuri, moja tutaijadili ukija.

Jana nilijaribu kulala mapema kwa ajili ya leo, nikashindwa. Leo nimejaribu tena: nimeandika ukurasa wa shajara, nimemaliza barua hii, nimezima taa, nikaiwasha tena ili kuandika hapa kwamba nalala, saa tatu na dakika arobaini.

Dada yako, wa mezani